Mshono wa Ndani

Watu wawili, hema moja, usiku mmoja,
alisema mlinzi wa lango la Duluti,
na risiti akaiandika taratibu kama cheti cha ndoa.
Ndelilio akaikunja mara nne, akaitia kofiani.
Miaka ishirini na miwili amelala kwenye mahema ya mlimani,
leo ndiyo mara ya kwanza analipa.

Asubuhi Mama Kaaya alituona na magunia mlangoni.
"Mwenye nyumba kawafukuza?"
Nikamwambia tunakwenda kulala msituni, kwa kupenda.
Akanishika paji la uso.

Tulifika Tengeru soko likivunjwa.
Nikachukua nyanya za kufungia siku, nusu bei,
parachichi mbili, fungu la mkaa,
tukateremka kwa miguu.

Ziwa limekaa chini ya kingo zake
kama mchuzi uliobaki bakulini.
Kenge juu ya gogo alitutazama, hakutupisha.
Mdiria akatumbukia,
akatoka na kitu kinachong'aa, akaenda zake.

Ndelilio hakuketi.
Aligonga vigingi, akavuta kamba,
akapima upepo kwa kidole kilicholowa mate,
akachimba mfereji kulizunguka hema.
Kisha akanijia, mgongo umeinama kidogo:
"Mama, utakunywa chai au kahawa?"
Nilimtazama mpaka akasikia alichosema.
Tulicheka hata ndege wakahama tawi.

Usiku, nyuma ya miti, spika ya mkesha
ilikuwa ikikemea mapepo.
Umeme ukakatika.
Mapepo yakapumzika, nasi pia.
Vyura wakachukua zamu.

Niseme habari ya hema.
Kampuni ililitupa, Ndelilio akaliomba.
Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Sakina;
kwa miaka tisa waliniletea mahema kwa magunia,
yakinuka soksi na ukungu wa mlimani,
zipu zimeng'oka meno, pembe zimechanika.
Kiraka mia tano, zipu elfu mbili.
Niliyajua kwa nje, kama dobi anavyowajua watu.
Sikuwahi kulala ndani ya hata moja.

Saa nane mvua ikaja, ile ya Meru, isiyobisha hodi.
Niliwasha tochi ya simu, nikainua macho,
na pale juu ya uso wangu nikauona:
uzi wa buluu kwenye kitambaa cha kijani,
kwa kuwa siku ile wa kijani uliniishia,
umepinda kidogo mwishoni.
Nakumbuka. Nuru alikuwa na surua;
mguu mmoja ulikanyaga pedali,
mwingine ulisukasuka beseni alimolala.

Upande huu wa ndani nilikuwa sijauona.
Kumbe yuko mtu, sijui wa nchi gani,
aliyelala chali akautazama mpindo wangu,
kichwa kikimpasuka kwa urefu wa mlima.
Labda alihesabu matundu ya sindano apate usingizi.
Labda alijiuliza ni nani huyu asiyejua kunyoosha.

Maji yalipita juu ya mshono, hayakuingia.
Yaliingia pengine, kwenye mshono wa kiwanda:
tone,
tone,
ndani ya sufuria ya Ndelilio.
Sikusema kitu. Nilizima tochi nikiwa natabasamu.

Saa kumi na moja, gizani, nikasikia kiberiti.
Alikuwa amechutama chini ya mti, anachemsha maji ya kunawa
ya wageni kumi na wawili wasiokuwepo.
"Rudi ulale."
"Naja," akasema, akabaki.

Baadaye zipu ikapanda nusu.
Beseni likasukumwa taratibu mlangoni,
mvuke ukatangulia kuingia.
Nikatoa mikono.